Jinsi ya kufanya utafiti wa hela za kaya bila kudhani nyumba nzima ina mfuko mmoja

Wadau habari zenu. Nimekusanya data za kaya kwa miaka mingi sasa, na kila nikifundisha wakusanyaji wapya naona kosa lilelile linarudi: mtu anaingia ndani, anamuuliza mkuu wa kaya "mnapata kiasi gani kwa mwezi", anajibiwa, anaandika, anaaga, anaondoka akiamini ameshajua hela za nyumba ile. Alichopata ni kile mtu mmoja anachokijua na alichokubali kukisema siku hiyo. Kwahiyo leo nawapitisha namna ninavyofanya mimi, hasa wewe mwanafunzi unayeandaa utafiti wako au mtu wa mradi unayetaka kuelewa familia zinaamuaje mambo ya kazi, watoto na akiba.

Hatua ya 1: Swali lako liingie ndani ya nyumba

"Kipato cha kaya kinaathiri vipi maisha ya watoto" ni swali pana mno, utazunguka nalo mwaka mzima. Jaribu hivi: hela ikipita mkononi mwa mama badala ya baba, matumizi ya watoto yanabadilika? Hapo una kitu cha kupima.

Na hili swali lina historia. Kwa muda mrefu wachumi walikuwa wanaichukulia kaya kama mtu mmoja mwenye pochi moja. Sasa mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza walibadilisha msaada wa watoto, kabla ya hapo sehemu kubwa ilikuwa inakuja kama punguzo la kodi kwenye mshahara wa baba, baada ya hapo ikawa hela anayopokea mama. Mwaka 1997 wachumi Lundberg, Pollak na Wales wakachapisha walichokiona kwenye matumizi ya nguo: hela inayotumika kwa nguo za wanawake na za watoto iliongezeka ukilinganisha na ya nguo za wanaume. Kama pochi ingekuwa moja kweli, mkono unaopokea usingebadilisha kitu. Na angalia, yale mabadiliko yaliletwa na serikali, familia hazikuchagua zenyewe, ndo maana tunaweza kusema moja limesababisha lingine. Ukilinganisha tu nyumba ambazo mama anashika hela na zile ambazo hashiki, huwezi kusema hivyo, maana nyumba hizo zilikuwa tofauti toka mwanzo.

Hatua ya 2: Orodhesha watu kabla ya hela

Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja na kulala pamoja kwa kawaida, lakini usiishie hapo, uliza pia nani hayupo ila anatuma hela, na nani hayupo ila anatumiwa. Kijana aliyeenda kutafuta kazi mbali mara nyingi haingii kwenye orodha ya watu, alafu hela yake inaingia kwenye kipato, hesabu zinaanza kuyumba na hujui kwanini.

Hatua ya 3: Hoji kila mtu mzima peke yake, kwa wakati mmoja

Hii ndo hatua ninayoigombania kuliko zote. Zamani nilikuwa nawahoji mume na mke wamekaa pamoja kwasababu ni haraka, na nilikuwa naona kabisa mama anamtazama mwenzake kabla ya kujibu, kila swali, anamtazama kwanza. Yale majibu sikuyatumia, nilirudi upya kwa kaya zote zile. Tangu hapo nakwenda na mwenzangu, mmoja anakaa na mume, mwingine na mke, vyumba tofauti au mmoja nje mwingine ndani, tunaanza pamoja tunamaliza pamoja ili hakuna anayepata nafasi ya kumuuliza mwenzake "wamekuuliza nini".

Kuna nyumba moja sitaisahau. Mume kamwambia mwenzangu hatuna akiba, kila kinachoingia kinaisha. Dakika ileile mke alinyanyuka, akarudi na begi la shule lililochakaa la mtoto aliyekwisha maliza masomo, akafungua zipu ya ndani, noti zimekunjwa na kufungwa kwa uzi, na kadaftari kadogo ameandika tarehe na kiasi kila anapoweka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii haitafika kwa baba watoto?" Nikamwambia hapana mama, haifiki kwa mtu yeyote, na kwenye fomu halipo jina lako, ipo namba tu. Upande wa pili mume naye alikuwa amekiri deni alilomdhamini mdogo wake ambalo mke hakuwa analijua. Ningewakalisha pamoja ningeandika: akiba sifuri, deni sifuri.

Kwahiyo ahadi ya siri lazima uitimize kweli. Fomu mbili zisikae kwenye bahasha moja, usimuulize mmoja swali linaloonesha ulichosikia kwa mwingine, na ukihisi kwenye hiyo nyumba kuna mtu anaweza kupigwa kwasababu ya maswali yako, acha. Data hiyo haina thamani ya kumuumiza mtu.

Hatua ya 4: Kazi uiulize kwa vitendo

Ukiuliza "unafanya kazi?" wengi, hasa wanawake, watajibu hapana huku tangu alfajiri hawajakaa. Uliza shughuli moja moja: wiki iliyopita uliuza chochote, ulilima, ulimfanyia mtu kibarua, ulisaidia biashara ya familia bila kulipwa, ulihudumia mgonjwa au watoto, masaa mangapi. Mwaka 2013 kwenye mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), walikubaliana kutenganisha mambo mawili: ajira ni kazi ya kulipwa au kutafuta faida, hata saa moja tu kwa wiki inahesabika, ila kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani na kulea navyo ni kazi, vinapimwa kivyake. Weka safu zote mbili kwenye dodoso. Usipofanya hivyo, mama akipata ajira utaona kipato kimepanda na hutaona binti mkubwa ndo amechukua mzigo wa wadogo zake.

Hatua ya 5: Chagua muda wa kukumbuka

Hapa wengi wanakopi dodoso la mtu mwingine bila kufikiri. Tanzania lilifanyika jaribio zuri sana, watafiti Beegle, De Weerdt, Friedman na Gibson walichukua kaya kama 4,000 wakazigawa kwa bahati nasibu kwenye namna 8 tofauti za kuuliza matumizi, nyingine siku 7, nyingine siku 14, nyingine shajara (daftari ambalo kaya inaandika matumizi yake siku hadi siku), na majibu yakatofautiana sana kulingana na namna ya kuuliza tu. Mimi natumia siku 7 kwa chakula na vitu vidogo, mwezi kwa kodi ya nyumba na bili, mwaka kwa ada, matibabu makubwa na sherehe. Na nikiweza natembelea mara mbili, ile ziara ya kwanza inakuwa alama, nauliza "tangu siku ile nilipokuja", maana watu husogeza mambo ya zamani yakaonekana ya juzi.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ilingane ukiwa bado umekaa pale

Chukua mfano huu, namba tu. Mama alianza wiki na 50 mkononi, akapata 300, akakopa 40. Akatumia 270, akalipa deni 30, akaweka 20 kwenye kikundi. Alipaswa kubaki na 70. Unamuomba ahesabu, anazo 35.

Usimwambie "umekosea", wala usibadilishe namba ili zilingane! Muulize taratibu: kuna mtu ulimpa? kuna ulichomlipia mtu? Mara nyingi hapohapo anakumbuka, ah, nilimtumia dada yangu 35, mtoto wake alilazwa. Hicho ndo kitu ulichokuja kukitafuta, msaada kwa ndugu, na kwenye orodha yako ya matumizi hukuwa hata na nafasi yake. Iongeze.

Hatua ya 7: Maamuzi uyaulize kwa tukio la mwisho

"Nani anaamua hapa nyumbani?" linakupa jibu la heshima, wengi watasema baba au watasema tunashauriana. Badala yake chukua tukio: mara ya mwisho mtoto alipobadilishwa shule, nani alilianzisha, nani hakutaka, hela ilitoka kwa nani, nani angeweza kusema hapana ikawa hapana. Vivyo hivyo kwa mama kuanza kazi, kuuza kitu kikubwa, kukopa. Alafu majibu ya mume na mke yakipingana usichague moja wala usitafute katikati, andika yote mawili kwenye safu tofauti, maana kutokukubaliana kwao juu ya nani aliamua ni matokeo ya utafiti wako.

Hatua ya 8: Kulinganisha kaya

Ukigawa kipato kwa idadi ya vichwa, kaya yenye watoto wengi itaonekana maskini kuliko ilivyo, mtoto hatumii sawa na mtu mzima na nyumba moja wanaishi wote. Kuna kipimo kinachotumika sana cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri: mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine kuanzia miaka 14 ni 0.5, kila mtoto chini ya hapo 0.3. Kaya ya wazazi wawili na watoto watatu wadogo inakuwa 2.4. Kipato 480 ukigawa kwa 2.4 unapata 200, ukigawa kwa vichwa 5 unapata 96. Ripoti kwa njia zote mbili, maana kipimo hiki kilitokana na nchi tajiri, na pale ambapo chakula kinakula karibu hela yote, kuishi pamoja hakuokoi sana.

Lakini kumbuka kwamba mgawanyo huo unachukulia kila mtu ndani anapata fungu sawa. Yule mama wa begi angetoka na 200 sawa na mumewe. Ndo maana kwenye eksel yangu kila mtu ana mstari wake kwanza, anachoingiza, anachoshika, anachoweka, anachodaiwa, na mstari wa kaya nautengeneza baadaye kutokana na hiyo, na faili la mwanzo siligusi kabisa.