Somo: Kuchagua pawa saplai ya bei nafuu kwa kompyuta ya mezani

Hapa Mwanza wengi tunaanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika, halafu tunaongeza kadi ya grafiki ili vijana wacheze gemu au mtu ahariri video za harusi. Hela yote inaishia kwenye kadi, na pawa saplai, yaani kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, inanunuliwa kwa chenji. Ikiwa ni feki, siku ikiungua inaweza kuondoka na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) pamoja na kadi yenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Prosesa ya Core i5-4570, iliyojaa kwenye mashine za ofisi, imepangiwa wati 84. Madabodi, RAM, SSD na feni wape kama wati 50 kwa pamoja. Bila kadi ya grafiki hujafika hata 150, hivyo pawa saplai nzima iliyokuja na mashine inatosha. Kama kazi yako ni kuchapa barua, intaneti na filamu, usinunue nyingine.

Kwenye kadi, GTX 1650 ya kawaida ni wati 75, GTX 1060 ni 120, RX 580 ni 185. Ukiweka GTX 1060 kwenye mashine hiyo unapata kama wati 255. Acha nafasi ya kupumua, utafute ya 400 au 450 ya kweli.

Hatua ya 2: Soma lebo, achana na boksi

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Walaji wakubwa wa umeme ndani ya kompyuta ya leo, yaani prosesa na kadi ya grafiki, wanalishwa na laini ya volti 12. Tafuta kwenye lebo palipoandikwa +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12.

Chukua pawa saplai iliyoandikwa 600W kwa herufi kubwa, lakini kwenye +12V ina ampea 18. Mara 12, unapata wati 216. Wati nyingine zimejazwa kwenye laini za volti 5 na 3.3, ambazo mashine yako inazitumia kidogo tu. Ya 450W ya kweli huwa na ampea 35 au zaidi kwenye +12V, yaani wati 420 na kuendelea. Hiyo ya 450 ndiyo kubwa, hata kama muuzaji atakucheka.

Ukikuta 12V1 na 12V2, yaani volti 12 imegawanywa laini mbili, usijumlishe ampea zake. Angalia wati za jumla za laini hizo, kwa kawaida huandikwa chini yake. Lebo isiyo na ampea kabisa, rudisha kaunta.

Hatua ya 3: Plagi na umbo

Hesabu pini za plagi kubwa ya madabodi, kisha plagi ya prosesa, kisha ya kadi, uhakikishe pawa saplai unayonunua inazo. Plagi ya kadi ya pini 6 imepangiwa wati 75, ya pini 8 wati 150. Pima pia nafasi ndani ya kasha.

Hatua ya 4: Ukiwa dukani

Nembo ya 80 PLUS (cheti kwamba pawa saplai haipotezi umeme mwingi) ni dalili nzuri, ingawa siku hizi kubandika nembo si kazi. Nyepesi kupita kiasi na yenye nyaya nyembamba, iache. Ikiwa nyuma ina swichi ndogo ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo itapasuka papo hapo. Dai risiti na dhamana ya maandishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Igoma): Mkuu, nina Dell OptiPlex 9020. Pawa saplai ya kawaida itaingia?

Jibu: Madabodi hiyo ina plagi kuu ya pini 8, si 24, kwa hiyo unahitaji waya wa kubadilisha kutoka 24 kwenda 8. Ile ya umbo la mnara inapokea pawa saplai ya kawaida. Ile nyembamba haipokei.

Swali (Sengerema): Shikamoo fundi. Bora mpya isiyojulikana au iliyotumika ya kampuni inayojulikana?

Jibu: Marahaba. Mimi nachukua iliyotumika, mradi lebo inasomeka, feni haikwaruzi na muuzaji anakubali uijaribu kwenye mashine yenye mzigo. Fundi apime waya wa njano kwa mita: isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita kubwa za ndani (vifaa vinavyohifadhi umeme) zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuichomoa.

Swali (Kirumba): Kaka, wadudu wa ziwani wanajaa kwenye feni yangu. Niweke chandarua?

Jibu: Kinazuia hewa, labda ukisafishe mara kwa mara. Dada, sogeza kasha mbali na dirisha na taa, maana usiku hao wadudu wanafuata mwanga. Vumbi lipulize kwa nje, kompyuta ikiwa imechomolewa.

Swali (Mabatini): Nikigusa kasha nikiwa peku, inanipiga shoti kidogo. Nibadilishe pawa saplai?

Jibu: Usikimbilie dukani. Hata pawa saplai nzuri ina kichujio kinachomwaga umeme kidogo kwenye bati la kasha, na waya wa ethi, yaani unaopeleka umeme ardhini, ndio unaouondoa. Mara nyingi tatizo ni ethi: ekstensheni ya pini mbili, au nyumba iliyojengwa juu ya mawe ambako fimbo ya ethi haikuzama vizuri. Anza kwa kubadilisha ekstensheni. Ikiendelea, mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba, na hadi hapo usiitumie ukiwa peku.