Kambi karibu na jiji la pwani: chagua kiwanja kabla ya mandhari

Kwenye kambi nyingi za ufukweni, viwanja vinavyowahi kuisha ni vya mstari wa mbele, vile vinavyotazama maji. Kwa kulala, mara nyingi ndivyo vibaya kuliko vyote. Upepo wa bahari hushika kasi kuanzia adhuhuri na kufikia kilele alasiri, saa ile ile unapohangaika kusimamisha hema. Chumvi hukaza zipu, na watu wa kambi nzima hupita mlangoni pako wakienda kuogelea. Mstari wa pili au wa tatu, nyuma ya vichaka au tuta la mchanga, utakupa bahari ile ile kwa hatua chache zaidi, na usiku utalala.

Umbali wa jiji upime kwa dakika, kilomita zinadanganya. Weka safari kwenye programu ya ramani kwa Ijumaa saa 11 jioni, kisha kwa Jumapili jioni, uone tofauti. Kambi iliyo kilomita 60 nje, yenye kituo cha treni cha kufikiwa kwa miguu, inaweza kuwa karibu na mji kuliko ya kilomita 20 inayotegemea barabara moja ya pwani. Ila uliza treni ya mwisho huondoka mjini saa ngapi. Mwenye gari-nyumba, yaani gari la kulala ndani, asipange kabisa kuegesha katikati ya jiji.

Kelele huonekana kwenye picha ya setilaiti kabla hujazisikia. Tafuta uwanja wa ndege, kisha nyoosha mstari kutoka kila ncha ya njia ya kurukia. Ndege hutua kwa mteremko wa takriban nyuzi 3, kwa hiyo ikiwa imebakiza kilomita 10 iko kama mita 500 tu juu ya ardhi. Kambi iliyo chini ya mstari huo iache. Reli nayo iangalie mahali inapokatana na barabara: hapo ndipo treni hupiga honi, na honi ya saa 9 usiku huamsha hata aliyezoea mngurumo wa mabehewa.

Sasa maji. Kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25, lakini kujaa hakulingani. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, na maji hupanda kuliko siku nyingine. Kama tarehe zako zinaangukia hapo, soma jedwali la maji la eneo hilo kabla ya kulipia kiwanja cha chini. Ukifika, tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na vifuniko vya chupa. Mara nyingi utakuta mistari miwili. Ule wa juu, uliofifia, ndio wa bamvua au dhoruba, na hema likae juu ya huo. Mdomo wa mto mkavu usiuguse hata kama mchanga wake ni laini na tambarare: mvua ikinyesha bara, maji hushuka hapo wakati kwako anga ni jeupe.

Kwa hema, swali la kwanza ni ardhi. Kambi zinazopokea hema na magari pamoja wakati mwingine humpa mwenye hema kiwanja cha gari, chenye kokoto zilizoshindiliwa. Kigingi chembamba cha alumini hakipiti pale, hupinda. Uliza moja kwa moja: ni nyasi, mchanga au kokoto? Kwenye mchanga mkavu, kigingi cha kawaida cha sentimita 18 hung'oka upepo wa kwanza. Chukua vipana vya sentimita 30 hadi 40. Ukivikosa, jaza mchanga kwenye mfuko wa kitambaa, funga kamba katikati yake, na uufukie kwa kina cha sentimita 40, mfuko ukiwa umelazwa. Mfuko uliolala hushika kwa sababu kamba italazimika kuinua mchanga wote ulio juu yake. Mgongo wa hema, yaani upande ulio mfupi na usio na mlango, uelekee upepo.

Chunguza pia katikati ya kiwanja. Palipopigwa hema miaka mingi pamebonyea kama sahani, na ukiona tope laini lililokauka na kupasuka vipande, hapo maji husimama. Sogea mita mbili ukingoni. Kando ya mikoko na vinamasi kuna usubi, na chandarua cha kawaida hakiwazuii kwa sababu ni wadogo mno. Unahitaji wavu wa matundu madogo zaidi. Usubi hawawezi kuruka kwenye upepo, na hapo tu ndipo mstari wa mbele unaposhinda.

Gari-nyumba lina hesabu zake. Urefu pima kutoka bampa hadi bampa pamoja na kiungo cha kukokotea na rafu ya baiskeli, kisha uongeze nafasi ya kuta zinazosukumwa nje kupanua chumba. Kiwanja cha "mita 10" huenda kikawa na mti kwenye kona unayohitaji kukatia. Mteremko wa asilimia 2 hauonekani kwa macho, lakini kwenye mita 6 ni tofauti ya sentimita 12, ambayo vibao vingi vya kuinulia tairi havifikii. Friji la gesi la mfumo wa amonia likiinama sana mzunguko wake hukwama, na likiachwa hivyo huharibika.

Usiridhike na "umeme upo", uliza ampea. Ulaya, ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, na birika la wati 2,000 linaweza kukata swichi. Ampea 16 hufika wati 3,680. Marekani, soketi ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, ambazo kiyoyozi kimoja hula karibu nusu. Jioni ya joto, kambi ikijaa na viyoyozi vyote vikiwaka, volti hushuka na mota za kiyoyozi hupata moto, kwa hiyo viwanja vya mwisho wa laini vikwepe. Waya wa umeme unaozungushwa kwenye kigurudumu chake ukunjue wote, maana uliozungushwa huchemka. Maji nayo: presha ya bomba za kambi huweza kupasua mabomba ya gari, basi funga kipunguza presha kabla ya mpira.

Tundu la majitaka kiwanjani si lazima kwa kukaa siku 3. Tangi la maji ya sinki na bafu ndilo hujaa mapema, la choo hufuata. Inatosha kujua sehemu ya kumwagia ipo, na foleni yake Jumapili asubuhi ikoje.

Kabla ya kulipa, pitia njia ya kuingilia. Baltimore, Marekani, kwa mfano, mahandaki yanayopita chini ya bandari hayaruhusu mitungi mikubwa ya gesi. Barcelona ina ukanda wa kudhibiti moshi tangu 2020, na gari la nje husajiliwa kabla ya kuingia. Urefu wa gari kwenda juu, pamoja na kiyoyozi cha paa, uandike kwenye karatasi mbele ya usukani.

Kambi za umma mara nyingi hufungua nafasi miezi kadhaa kabla, nyingine miezi 6. Ukikosa, jaribu tena siku mbili tatu kabla ya kikomo cha kurudishiwa fedha. Hapo ndipo wanaoghairi huachia. Omba kiwanja kwa namba, na ukiweza kupiga simu, muulize mhudumu ni namba gani hukauka mwisho baada ya mvua.