Kupima mafuriko ya mto na kuandika hasara baada ya kimbunga: mwongozo kwa aliyeko kijijini

Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024, ardhi ya ukanda wa pwani ilikuwa tayari imeshiba maji. Masika ya mwaka ule yaliongezewa nguvu na El Niño, na bonde la chini la Rufiji lilikuwa limefurika tangu Aprili. Mvua za kimbunga zikaja juu ya hayo, mito ya Kilwa ikajaa kwa haraka, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga.

Maji kama hayo yakishapungua, ushahidi wake haudumu. Mstari wa tope ukutani unafutwa na mvua inayofuata. Wenye nyumba nao wanafagia, wanapiga lipu, wanaanza maisha upya, na ni haki yao. Wataalamu wa Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini hawawezi kufika Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi kwa siku moja. Anayeweza kuokoa vipimo ni yule aliyeko palepale: mtendaji wa kijiji, mwalimu, bwana shamba, kijana wa kujitolea. Hawa ndio ninaowaandikia.

Msimamo wangu ni huu: pima maji kwanza, hasara baadaye, na kila hasara iandikwe pamoja na kina cha maji kilichoileta. Orodha ya nyumba zilizoanguka, isiyo na kina cha maji, inasaidia kugawa unga na magodoro. Haimsaidii mhandisi anayetakiwa kuamua kalavati jipya liwe na ukubwa gani.

Vifaa si vya gharama. Tafuta futikamba ya mita 30 au 50, mpira mwangavu wa mita 15 hivi kama ule wa mafundi ujenzi wa kupatia levo, misumari ya zege, rangi ya kupuliza, fito ndefu iliyochorwa sentimita, simu yenye GPS, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu wino ukilowa unatoka. Na uwe na mwenzako kila unapokwenda mtoni.

Hatua ya 1: Usiingie kwenye maji yanayotembea

Maji ya magotini yenye kasi yanamwangusha mtu mzima, na chini yake huoni shimo lililochimbika usiku. Usisimame kwenye ukingo uliomegeka; juu unaonekana mgumu, chini umeshaliwa. Rufiji kuna mamba na viboko, na mto ukifurika huwafikisha hadi mashambani, kwa hiyo waulize wavuvi kabla ya kushuka.

Ukiwahi kufika mto ukiwa bado umejaa, kuna kipimo kimoja unachoweza kupata ukiwa nchi kavu, nacho ni kasi. Pima mita 20 kandokando ya mto, weka vigingi viwili, kisha mwenzako arushe chungwa katikati ya mkondo juu kidogo ya kigingi cha kwanza. Chungwa ni zuri kwa sababu sehemu kubwa huzama na upepo haulisukumi. Hesabu sekunde kutoka kigingi hadi kigingi, rudia mara kadhaa, chukua wastani. Likitumia sekunde 16, kasi ya juu ya maji ni mita 1.25 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, utapata takriban mita 1.06 kwa sekunde. Andika na saa uliyopima.

Hatua ya 2: Tafuta alama za kilele

Kilele ni kiwango cha juu kabisa ambacho maji yalifika. Kazi hii haingoji, na ndiyo inayotaka jicho. Anza ndani ya nyumba. Nje mawimbi yanaupaka ukuta tope juu na chini. Chumbani maji yalitulia, na mstari wake ni mwembamba na umenyooka. Angalia nyuma ya milango, ndani ya kabati, kwenye mapazia.

Tafuta hasa vitu vyepesi: mbegu za nyasi, maganda ya ufuta, chembe za makuti. Hivi huelea juu kabisa, na maji yakianza kushuka hubaki vimeganda palepale. Mstari wa mbegu ninauamini kuliko mwingine wowote. Usipime mpaka wa unyevu, hasa kwenye nyumba ya udongo: ukuta hufyonza maji na unyevu hupanda juu ya pale maji yalipofika.

Kwenye miti uwe mwangalifu. Takataka zilizonasa upande uliopokea mkondo hukaa juu kuliko maji yenyewe, kwa sababu maji yenye kasi hupanda yakigonga shina. Tawi jepesi nalo huinamishwa na maji, likanasa majani, kisha maji yakiondoka linanyanyuka nayo. Ukipima majani hayo utaongeza mafuriko ambayo hayakuwepo. Chagua shina nene, upande wa pembeni.

Mwaka kama 2024 una shida yake ya ziada: ukuta mmoja unaweza kuwa na mstari wa Aprili na mstari wa Mei, na wa juu si lazima uwe wa kimbunga. Tope la zamani limekauka na kupasuka, buibui wameshapita juu yake. Kabla ya kuandika chochote, muulize mwenye nyumba.

Namna ya kuuliza nayo ina kanuni. Ukimwambia mtu, “Maji yalifika kina gani?” atakujibu, “Kiunoni.” Kiuno cha nani? Bora useme: “Shikamoo mama. Tuonyeshe kwa mkono ukutani, maji yaliishia wapi?” Akiweka kiganja, wewe weka futikamba. Kuhusu muda, watu hawakuwa wanatazama saa, walikuwa wanaokoa watoto. Uliza kwa vitu wanavyovikumbuka: yaliingia kabla ya adhana ya alfajiri au baada? Taa zilikuwa zimeshazimika? Ukipata jibu, liandike kwa mtindo mmoja wa saa daftari zima. Saa 2 usiku ya nyumbani ndiyo 20:00 ya ofisini, na ukichanganya mitindo, mafuriko ya jioni yatahamia usiku wa manane.

Kila alama ipe namba na daraja: A kama una uhakika wa sentimita 2 au 3, B kama inaweza kuwa na tofauti ya hadi sentimita 10, C zaidi ya hapo. Piga msumari, pulizia rangi, andika tarehe. Tafuta alama pande zote mbili za mto.

Hatua ya 3: Funga alama kwenye kitu kisichohama

Simu itakuonyesha mahali ulipo kwa kosa la mita chache, na kwa kuchora ramani, hiyo inatosha. Kimo inachokuonyesha usikitumie kabisa. Kinaweza kukosea mita 10 au zaidi, na sisi tunatafuta sentimita.

Tumia mpira wa maji. Ujaze taratibu hadi povu lote litoke. Kiputo kimoja ndani yake kinaharibu kila kitu. Chagua sehemu ngumu ambayo itakuwepo miaka mingi, kama zege la daraja, ngazi ya msikiti au msingi wa darasa, na uiite sifuri. Mmoja ashike ncha moja ya mpira pale, mwingine apeleke ncha ya pili kuelekea kwenye alama. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko levo moja. Pima kutoka kwenye usawa huo kwenda juu au chini. Umbali ukizidi mpira, endelea kigingi hadi kigingi. Kisha rudi kinyume hadi ulipoanzia. Ukikuta tofauti inayozidi sentimita 2 au 3, rudia kazi. Ni usumbufu, lakini bila hatua hii alama zako zote ni michoro ya ukutani tu.

Hatua ya 4: Kadiria maji yaliyopita

Subiri mto urudi chini. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na daraja wala kijito kinachoingia, chenye alama nzuri mwanzo na mwisho. Mita 200 si nyingi. Tofauti ya kimo kati ya alama za mwanzo na za mwisho wa kipande izidi sentimita 15, la sivyo makosa ya kupima yatameza mteremko wenyewe.

Vuta kamba kutoka alama ya ukingo huu hadi ya ule, ipitie levo ya kilele. Kila mita 2, pima kwenda chini kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Chora kwenye karatasi ya miraba, upate eneo la mkato wa mto, yaani umbo la mto kama umekatwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha pima urefu wa ardhi yote iliyolowa chini ya kamba. Fanya hivyo sehemu mbili au tatu, uchukue wastani.

Chukua mfano wa hesabu. Eneo ni mita za mraba 120, ardhi iliyolowa ni mita 48. Gawanya, unapata 2.5. Mteremko ni sentimita 30 kwa mita 200, yaani 0.0015. Kanuni ya Manning, ambayo wahandisi huitumia kukadiria kasi ya mto, inasema kasi ni 2.5 kwa kipeo cha 2/3, mara kipeuo cha pili cha mteremko, gawanya kwa namba ya ukwaru wa mto, yaani jinsi kitanda na kingo zinavyozuia maji. Hiyo ni 1.842 × 0.0387 ÷ ukwaru. Ukwaru wa 0.04 unakupa kasi ya takriban mita 1.78 kwa sekunde, na ukizidisha kwa eneo, mita za ujazo 214 kwa sekunde.

Usiishie hapo. Mto safi wenye mchanga, ulionyooka, una ukwaru wa 0.035 hivi; wenye magugu na mikunjo hufika 0.05, bonde lenye vichaka huweza kufika 0.1. Kwa mfano wetu, 0.035 inatoa 245, na 0.05 inatoa 171. Andika namba zote tatu. Zaidi ya hayo, mto wa mchanga huchimba kitanda chake ukiwa umejaa na kukifukia ukishuka, kwa hiyo mkato uliopima leo si lazima uwe ule wa siku ya kilele. Mhandisi anayepokea “kati ya 170 na 245” anajua afanye nini nayo. Anayepokea 214 peke yake anaweza kuiamini kupita kiasi.

Hatua ya 5: Mvua

Kama hakuna kipimo cha mvua karibu, tafuta ndoo iliyokuwa uwanjani usiku ule, mbali na michirizi ya bati. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 28 ina eneo la mita za mraba 0.0616, kwa hiyo lita 6.2 ni takriban milimita 100. Ndoo iliyofurika inakupa kiwango cha chini tu. Andika “zaidi ya”.

Hatua ya 6: Tenganisha mto, upepo na bahari

Kimbunga huharibu kwa njia tatu, na misaada, fidia na ujenzi hutegemea ni ipi. Bati lililong'oka na minazi iliyolala upande mmoja ni upepo, andika ilikolala. Vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo kimbunga kikija kutoka mashariki, pwani iliyo kusini ya kitovu ndiyo hupigwa na upepo unaosukuma bahari kuja nchi kavu. Karibu na mlango wa mto jiulize kama ilikuwa bamvua (bahari inapojaa sana) au maji mafu (inapojaa kidogo), kwa sababu bahari ikiwa juu mto hukosa pa kutokea. Mchanga wenye makombe sebuleni na mpunga uliokauka kwa chumvi ni bahari. Tope laini la kahawia ni mto.

Hatua ya 7: Nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba

Nenda na mwenyekiti wa kitongoji. Yeye anajua nani aliishi wapi, hata pale nyumba ilipoondoka yote. Kwa kila nyumba andika kina cha maji juu ya sakafu na juu ya ardhi ya nje, muda yaliokaa, kuta (fito na udongo, tofali za kuchoma, bloku), paa, na hali: imelowa, imepasuka, imeanguka sehemu, imeanguka yote. Muda ni muhimu kama kina. Ukuta wa udongo huweza kuhimili maji ya jioni moja na kuanguka siku ya tatu.

Kwenye mashamba andika ekari, zao, na lilikuwa limefikia wapi. Mpunga mchanga uliozama kabisa na mpunga uliokaribia kuvunwa si hasara moja. Usisahau visima na vyoo vya shimo vilivyofurika. Hivyo vipelekwe kwa afisa afya siku hiyohiyo, kabla orodha yako haijakamilika, kwa sababu kipindupindu hakisubiri ripoti.

Omba ruhusa kabla ya kuandika jina au kupiga picha. Usipige picha ya maiti wala ya mtoto anayelia.

Hatua ya 8: Picha

Kila kitu picha tatu: ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati, na ya karibu yenye futikamba inayosomeka. Washa GPS ya kamera. Usizitume kama picha za kawaida za WhatsApp. Zinabanwa na taarifa za mahali zinapotea. Zitume kama faili. Jina la faili libebe kijiji, namba ya alama na tarehe.

Picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1 hupatikana bure na huona maji hata kukiwa na mawingu, kwa hiyo zinafaa kwa bonde pana kama la Rufiji. Kijito kinachojaa na kushuka usiku mmoja setilaiti huweza isikikute kabisa, na mafuriko yaliyo chini ya mikoko au mikorosho iliyosongamana hayaonekani vizuri.

Hatua ya 9: Kabidhi

Toa nakala tatu. Moja ibaki ofisi ya kijiji. Ya pili iende kwenye kamati ya maafa ya kata, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022. Ya tatu iende bodi ya maji ya bonde lako, ikiwa na alama, madaraja ya A, B, C na mikato yote, pamoja na hesabu zako za awali. Wao wataziangalia upya na wanahitaji kuona ulikopita. Taarifa za madaraja na makalavati mpelekee TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), au TANROADS (wakala wa barabara wa taifa) kama ni barabara kuu, ukitaja alama iliyo karibu na kila moja. Dai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Halafu, kabla mafundi hawajafika kukarabati, omba ruhusa ya kuchonga alama yako bora zaidi kwenye zege la daraja au nguzo ya shule, mstari na tarehe. Rangi haitamaliza misimu mingi.