Kutengeneza wimbo mzima kwenye simu: aplikesheni nilizozipenda mwaka huu na jinsi ninavyozitumia

Wakuu, mwaka huu wote muziki wangu nimeutengenezea kwenye simu, na kitu kimoja kimenikaa kichwani. Wengi wetu hatukwami kwa sababu simu ni mbovu, tunakwama kwa sababu tumejaza aplikesheni kumi na hakuna hata moja tunayoijua vizuri, kila wiki tunapakua mpya, tunatengeneza kalupu kazuri (kipande kifupi kinachojirudia), tunakasikiliza siku mbili, basi kamelala humo. Kwa hiyo hapa sitazipanga kwa nyota, naenda na safari ya wimbo wenyewe: wazo, biti, sauti, miksi, mpaka faili linatoka, na kila hatua nakwambia naikamilisha na nini na unafanyaje.

Ila kabla hujapakua chochote tafuta hedifoni za waya. Hili nalisema kila mara na nitaendelea kulisema. Hedifoni za Bluetooth zinachelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 300, unaweza ukaona ni kitu kidogo lakini hebu piga hesabu: kwenye biti ya BPM 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, ukiligawa mara nne unapata 125. Sasa ukichelewa milisekunde 200, haihati yako (ile sauti ya "tss tss" ya dramu) inaangukia kwenye nafasi ya mwenzake kabisa, unarudia mara ishirini unajiona huna taimingi kumbe taimingi yako iko vizuri, ni sauti ndo inakufikia imechelewa. Kama simu yako haina tundu la hedifoni tumia kiunganishi cha USB-C au Lightning.

Kingine kwenye hilohilo, aplikesheni nyingi za muziki zina sehemu ya bafa kwenye setingi, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo simu inaiandaa kabla ya kuicheza. Bafa ikiwa ndogo sauti inawahi lakini simu inafanya kazi kubwa na inaweza kuanza kukwaruza, ikiwa kubwa sauti inachelewa ila haikwaruzi. Unapopiga kinanda au kurekodi weka ndogo, unapomiksi weka kubwa. Watu wa Android zamani tuliteseka sana na hili, ila tangu Android 8 ya mwaka 2017 ilipokuja na mfumo mpya wa sauti unaoitwa AAudio hali imebadilika mno, simu nyingi za sasa unapiga pedi (kitufe cha kwenye skrini kinachotoa sauti) na unasikia palepale.

Haya, wazo. Hapa kipenzi changu cha mwaka ni Koala Sampler, ipo Android na iPhone, ni ya kulipia ila haihitaji intaneti ukishakuwa nayo. Inavyofanya kazi ni rahisi mpaka unashangaa: una pedi, unashikilia pedi maiki ya simu inarekodi, ukiachia imeshaingia, ukiigusa inalia. Pedi zipo 64 kwa jumla. Mimi naanza hivi: nagonga meza kwa ngumi, hiyo inakuwa kiki (lile dundo la chini), naishusha toni mpaka inakuwa nzito. Napiga kofi moja karibu na ukuta, hiyo snea (lile pigo kali linalojibu kiki). Natikisa funguo au mchele ndani ya chupa, hiyo haihati. Halafu naimba noti moja ndefu, "aaaa" tu, naiweka kwenye kinanda cha humohumo, inakuwa chombo ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho. Ukisharekodi ingia kwenye pedi usogeze mwanzo wa sauti mpaka pale inapoanza hasa, usiache kimya hata kidogo mbele, maana hicho kimya ndo kinafanya pigo lisikike limechelewa.

Ukimaliza pedi, nenda kwenye sikwensa (sehemu ya kupanga mapigo), washa rekodi, piga kwa vidole. Usikimbilie kwantaizi, tafadhali. Kwantaizi inaweka kila pigo kwenye mstari wake kamili na mara nyingi inaua kile kitu kilichofanya kichwa chako kitikisike. Mimi nanyoosha kiki peke yake, snea na haihati naziacha zilivyotoka mkononi, zikizidi sana ndo nazirekebisha moja moja. Halafu kuna utamu mwingine mle: unaweza kucheza biti yako yote ukiwa unachezea efekti kwa kidole, na hicho kinachotoka ukakirekodi kwenye pedi mpya, ukakikata vipande ukaanza upya juu yake. Nina biti tatu mwaka huu zimezaliwa namna hiyo na nazipenda kuliko zote. Inaweza pia kuitenganisha sauti iliyochanganywa ikawa dramu, besi, waimbaji na vinginevyo, ila kazi ya mtu mwingine ukitaka kuitumia omba ruhusa kwanza, ukitaka mazoezi tu ya nyumbani hiyo sawa.

Koala haitakusaidia kurekodi vesi ndefu wala kupanga wimbo wa dakika tatu wenye sehemu nyingi. Usiilazimishe. Toa lupu zako kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) usonge mbele.

Biti kamili sasa. Kama una iPhone au iPad, GarageBand ni ya bure na sijaona sababu ya kuikimbia. Steve Lacy, mwanamuziki wa Marekani, alijulikana kwa kutengeneza muziki na iPhone, GarageBand na kifaa kidogo cha kuchomekea gitaa, kwa hiyo uwezo upo. Lakini kuna mtego mmoja unawafukuza watu siku ya kwanza: ukifungua mradi mpya unakuta sehemu ina baa 8 tu (baa moja kwa kawaida ni mapigo manne), unarekodi, ikifika mwisho inarudi mwanzo, mtu anadhani aplikesheni ya bure ndo mwisho wake hapo. Sio hivyo. Gusa ile alama ya kujumlisha upande wa juu kulia, ingia kwenye sehemu A, washa otomatiki, basi unarekodi mpaka uchoke. Kingine, weka tempo (kasi) na ufunguo wa wimbo (key, yaani kundi la noti wimbo unalotumia) kabla ya kupiga noti ya kwanza, ukija kubadilisha baadaye ulichorekodi kwa maiki kinaweza kusikika vibaya.

Kwa Android mimi ni mtu wa FL Studio Mobile. Unainunua mara moja, na ipo iPhone pia ila kila mfumo unanunua kivyake. Anza na mashine ya dramu, weka kiki, snea, haihati, kisha fungua traki nyingine (mstari wa chombo kimoja) ya besi uandike noti kwenye gridi. Kitu ambacho wanaoanza wanakiruka ni nguvu ya kila noti. Haihati kumi na sita zenye nguvu sawa zinasikika kama printa, shusha ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea kama robo hivi, sikiliza tofauti. Ni dakika mbili tu lakini biti inaanza kupumua. Na faida yake nyingine, ukija kupata kompyuta yenye FL Studio, mradi wako wa simu unafunguka mlemle ndani.

Tempo usiibahatishe. Hausi inakaa kwenye 120 mpaka 128 hivi, amapiano 110 mpaka 115, hip hop ya taratibu 80 mpaka 95. Kama unayo melodi kichwani lakini hujui tempo, gonga mguu, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4, ndo hiyo.

Sasa naomba uwe makini hapa kwenye kuhamisha biti kwenda kwenye sauti, maana ndo wengi wanaharibu. Usitoe biti kama faili moja. Zima traki zote uache dramu, toa WAV. Zima dramu washa besi, toa. Halafu vinanda, halafu vilivyobaki. Mafaili manne, yote yanaanzia baa ya kwanza hata kama besi inaingia baa ya tisa, ili ukiyaweka pamoja kwingine yakae sawa bila kuhangaika. Ukibeba faili moja halafu kiki ikawa inameza sauti ya mwimbaji, huna la kufanya.

Kurekodi sauti natumia BandLab. Ni bure, ipo Android, iPhone na hata kwenye kivinjari, ina traki 16 kwa mradi, mafaili yako manne yanakula nne, unabaki na 12 za kuimbia, zinatosha kabisa. Nimeipenda zaidi kwa sababu ya kushirikiana: unamwalika mwenzako kwenye mradi, anarekodi kiitikio akiwa alipo, unafungua unakikuta, na matoleo ya nyuma yanabaki kwa hiyo mkiharibu mnarudi. Mle ndani kuna AutoPitch ya kunyoosha sauti, itumie kwa kipimo na lazima uiambie ufunguo sahihi wa wimbo, ukikosea ufunguo inakuvuta kwenye noti za uongo na utaonekana huwezi kuimba.

Namna ya kurekodi: weka simu hali ya ndege ukishafungua mradi, ujumbe ukiingia katikati ya vesi nzuri inauma sana. Ingia chumba chenye nguo, mapazia, godoro, vitu laini vinavyonywa mwangwi. Bafuni hapafai hata kama sauti inapendeza ukiwa unaoga, ule mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Maiki ya simu kwa kawaida iko chini karibu na tundu la chaji, iweke shibiri moja kutoka mdomoni na uigeuze kidogo pembeni, usipulizie moja kwa moja, zile "p" na "b" zitaacha kupiga makonde. Kiwango kwenye mita ya kurekodi kiwe kati ya desibeli -12 na -6 (0 ndo kikomo) pale unapoimba kwa nguvu zaidi. Sauti ndogo utaikuza, iliyopasuka hairekebishiki. Rekodi vesi mara tatu zima, kisha chagua mistari bora, usikatekate neno kwa neno maana hisia inapotea.

Miksi nitasema machache kwa sababu simu ina kikwazo chake. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini, noti ya 50 Hz kwake ni kama haipo, kwa hiyo ukimiksi kwa spika utaongeza besi mpaka ukicheza kwenye redio kubwa madirisha yanatetemeka. Miksi kwa hedifoni, spika iwe ya kukagua tu. Kwenye sauti ya mwimbaji kata kila kilicho chini ya 80 mpaka 100 Hz kwa ekwalaiza (kipunguza na kiongeza besi na sauti za juu), kule hakuna maneno, kuna ngurumo tu. Besi ambayo haisikiki kabisa kwenye spika ndogo usiikuze, iongezee distosheni (mkwaruzo) kidogo, itapata sauti za juu na sikio litaifuata. Kisha punguza voliyumu mpaka karibu na kimya: ukiwa bado unasikia sauti ya mwimbaji na snea, umepatia. Pumzisha masikio, rudi kesho yake.

Kuna nyingine ambazo sizitumii kila siku ila nazikubali. Cubasis 3 ya Steinberg, waliotengeneza Cubase ya kompyuta, ipo pande zote mbili na inafaa mtu anayetaka kufanya kila kitu sehemu moja bila kuhamahama. SunVox ya Alexander Zolotov ina sura ngumu, noti zinashuka kutoka juu kwenda chini, lakini ni nyepesi mno, simu ya zamani iliyokataa nyingine zote hii inaiendesha, ipe wiki mbili za uvumilivu. Kwenye iPhone, Ableton Note iliyotoka 2022 ni nzuri kwa kunasa wazo la haraka. Logic Pro ya iPad ipo tangu 2023 ila ni ya kulipia kila mwezi au mwaka na kwenye simu haiingii.

Kutoa faili: kwanza WAV, hiyo ndo mama, MP3 ya 320 kbps ni ya kuwarushia watu. Kilele kiishie desibeli -1, na usijitese kuikandamiza iwe na kelele kuliko zote, Spotify kwa kawaida inashusha nyimbo mpaka karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo ile uliyoibana inashushwa tu na inabaki imebanwa. Ukimtumia mtu WAV kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti.

La mwisho ni kuhifadhi, na hili limeniuma mwenyewe. Nilifuta aplikesheni moja nikidhani natoa nafasi kwenye simu, ikaondoka na miradi yote iliyokuwa ndani yake, nyimbo sita ambazo nilikuwa nimeshaziimba. Traki moja ya sauti ya upande mmoja (mono), kwa ubora wa kurekodi wa 44.1 kHz na biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, sio biti ya muziki), inakula kama MB 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu wenye traki 20 unakaribia MB 480, na simu ikijaa ndo mtu anaanza kufuta ovyo. Kila ukimaliza kazi ya siku toa nakala ya mradi pamoja na WAV za kila traki, zipeleke kwenye fleshi au hifadhi ya mtandaoni, zifungue uhakikishe zinalia, ndo ufute.

Kwa leo, kama hujawahi kabisa, pakua moja tu. Rekodi meza, kofi na funguo, tengeneza baa nne, halafu usilale kabla hujaongeza sehemu ya pili inayotofautiana na ya kwanza.