Namna ya Kushindanisha Zana za Uthibitishaji wa Chipu Kabla ya Kulipia Leseni

Wauzaji wakubwa wa programu zinazothibitisha kihisabati usahihi wa muundo wa chipu ni watatu: Cadence na Jasper yake, Synopsys na VC Formal, na Siemens yenye Questa pamoja na OneSpin. Cadence iliinunua kampuni ya Jasper mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 170, ilhali ilikwisha kuwa na programu yake ya kazi hiyo hiyo. Siemens nayo iliichukua Mentor Graphics mwaka 2017, kisha mwaka 2021 ikaongeza OneSpin ya Munich, iliyochipuka kutoka Infineon. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, muulize muuzaji ni injini ipi (yaani sehemu ya programu inayofanya uthibitisho wenyewe) anayokuonyesha na kama ndiyo itakayoendelea kuboreshwa, kwa kuwa katika duka moja huenda zikawamo mbili zenye asili tofauti.

Usitafute jibu katika takwimu zilizochapishwa. Mikataba mingi ya leseni inamkataza mteja kutangaza matokeo ya ulinganisho, na hivyo namba zinazosambaa hutoka kwa wauzaji wenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake. Jaribio la kuaminika ni lile unaloliendesha mwenyewe, kwa msimbo wako.

Chagua sehemu mbili au tatu za mradi uliokwisha kukamilika, na angalau moja iwe na kosa halisi lililogunduliwa kwa taabu wakati ule. Lirudishe kosa hilo kutoka katika kumbukumbu za matoleo, wala usimwambie muuzaji lilipo. Sehemu za udhibiti, kama vile mgawaji wa zamu za basi (njia ya data inayotumiwa kwa pamoja na sehemu za chipu) au foleni ya data, zinafaa sana kwa jaribio hili. Vizidishi na vigawanyi vya desimali havifai kuchanganywa nazo, kwa kuwa injini za kawaida hukwama hapo na wauzaji huwa na moduli ya pekee kwa hesabu za aina hiyo. Kosa la ugawanyaji katika prosesa ya Pentium, ambalo Intel ililitengea dola milioni 475 katika hesabu za mwaka 1994, lilikuwa la kundi hili; ikiwa chipu yako ina hesabu hizo, ziandalie shindano lake na uulize bei yake peke yake.

Kanuni zinazopaswa kuthibitishwa ziandikwe kwa lugha ya SystemVerilog kama ilivyo katika kiwango cha IEEE 1800, katika faili lisilogusa maktaba ya muuzaji yeyote. Faida yake haiishii kwenye jaribio: siku utakapotaka kumhama muuzaji, utabadilisha skripti za kuendeshea tu. SymbiYosys, ambayo ni programu ya uthibitishaji ya bure, iweke kando kama kipimo cha chini, ukikumbuka kwamba toleo lake la wazi linasoma sehemu ndogo tu ya lugha hiyo ya kanuni.

Katika duru ya kwanza, mhandisi wako ndiye akae kwenye kibodi, kwa seva ileile, kumbukumbu ileile na muda uleule kwa kila programu. Mtaalamu wa muuzaji aje duru ya pili, na matokeo yake yaandikwe mbali, la sivyo utakuwa umempima mtu ambaye hutamwajiri.

Kazi ngumu ni kusoma matokeo. Chukua foleni yenye nafasi 64 inayopokea ingizo moja kwa kila pigo la saa ya chipu (mdundo unaoongoza hatua zake), na kanuni isemayo kwamba hakuna ingizo litakalokubaliwa foleni ikiwa imejaa. Programu ikiripoti kwamba imekagua hadi pigo la 40 bila kuona kosa, haijasema lolote, kwa sababu foleni iliyoanza tupu haiwezi kujaa kabla ya mapigo 64. Ripoti kama hiyo isihesabiwe pamoja na uthibitisho kamili, hata kama katika jedwali la muuzaji zote mbili zimepakwa kijani. Ipunguze foleni iwe na nafasi 4, kisha uone ni programu ipi inayofikia uthibitisho kamili.

Hatari kubwa zaidi ni uthibitisho mtupu. Mtu akiongeza sharti kwamba mwombaji haombi kuingiza chochote foleni ikijaa, kanuni ile itathibitika mara moja, kwa kuwa hali inayoihusu haitokei tena. Kwa kila kanuni iliyothibitika, idai programu ikuonyeshe mfuatano wa mawimbi (mchoro wa ishara za chipu pigo kwa pigo) ambamo foleni inajaa na ombi linafika. Ikishindwa, kagua masharti moja baada ya jingine. Pima pia muda ambao mhandisi anautumia kuuelewa mfano wa kukanusha, yaani mfuatano ambao programu inautoa kuonyesha jinsi kanuni inavyovunjwa, kwani hapo ndipo saa za kazi huishia, na kwa maoni yangu kipimo hiki kina uzito kuliko kasi ya injini.

Mwishowe, hesabu leseni. Kasi iliyopatikana kwa kuendesha injini nyingi sambamba huenda imetumia leseni kadhaa kwa wakati mmoja, na nukuu ya bei ikataja moja tu. Omba nukuu mpya inayotaja idadi ileile ya leseni iliyotumika katika jaribio, na uiombe kwa wauzaji wote kabla hujamwambia yeyote kati yao nani anaongoza.