Bei ya raifo inashuka: namna ya kuamua ununue sasa au usubiri

Kabla ya kuuliza ununue lini, uliza bei inashuka kwa nini. Raifo ileile ya kaliba ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) inaweza kuuzwa kwa bei pungufu kwa sababu maghala ya ng'ambo yamejaa, shilingi imepata nguvu, kiwanda kimetoa toleo jipya, risasi zake hazipatikani, au mtutu wake umekwisha. Sababu tatu za kwanza ni neema kwa mnunuzi. Mbili za mwisho ni hasara iliyopunguzwa bei, na anayeangalia tarakimu peke yake hawezi kuzitofautisha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Iringa, Mafinga, Mbeya au Chunya anayetaka raifo ya kuwindia kwa njia halali, mpya au iliyotumika.

Kibali kinatangulia bei

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hununui kwanza ukaomba baadaye. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapita polisi na kamati za ulinzi na usalama, hadi kwa msajili wa silaha. Hilo si jambo la wiki moja. Bei unayoiona dukani siku unayojaza fomu haitakuwa bei utakayolipa, na hapo ndipo wengi wanakosea hesabu: wanasubiri bei ifike chini kabisa ndipo waanze kuomba, kibali kinatoka wakati soko limeshageuka. Bei zikianza kushuka, anza maombi. Kusubiri bei na kusubiri kibali viende pamoja.

Amua aina ya silaha na kaliba kabla ya kujaza fomu, kwa sababu ukibadili mawazo katikati utalazimika kurudi nyuma. Usilipe malipo ya awali bila maandishi yanayosema pesa itarudi kibali kikikataliwa. Muuzaji mwaminifu ataandika bila kusita.

Kwa raifo ya mtu binafsi, mauziano yanapitia polisi vilevile. Raifo ya marehemu haiuzwi na warithi sebuleni hata kama wana karatasi zote za mzee. Inapaswa kuripotiwa polisi na kukaa mikononi mwao mpaka apatikane mmiliki mpya mwenye kibali. Ukiletewa picha ya raifo ya bei rahisi kwenye WhatsApp na mwenye nayo anataka mkutane stendi, achana nayo.

Na kumiliki raifo si ruhusa ya kuwinda. Leseni ya mnyama ni jambo jingine, linaloongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Bei ya hapa inatengenezwa wapi

Soko la Marekani ndilo linaloyumbisha bei za viwanda vingi. Mwaka 2020 ukaguzi wa wanunuzi wa silaha nchini humo ulikaribia milioni 40, maghala yakakauka na bei zikapanda. Kufikia 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 30. Viwanda vilivyoongeza uzalishaji vikabaki na mzigo, na punguzo likaanza kwenye raifo za kawaida za boliti (komeo linalovutwa kwa mkono kuingiza risasi). Punguzo la namna hii ni zuri, kwa sababu silaha ni nzima na kilichopungua ni wanunuzi tu.

Kisha kuna dola. Katikati ya 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700, na mwishoni mwa mwaka huo ikashuka hadi karibu 2,400. Chukua raifo ya dola 1,200. Kwa 2,700 ni shilingi 3,240,000, na kwa 2,400 ni 2,880,000. Tofauti ni 360,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 424,800, kabla hujagusa usafiri na ushuru. Kwa fedha hiyo unapata sehemu kubwa ya sefu.

Lakini nafuu ya dola haifiki dukani siku hiyohiyo. Mfanyabiashara aliyeingiza mzigo dola ikiwa juu atashikilia bei mpaka mzigo huo uishe. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Mzigo huu uliingia lini, na unaofuata unatarajiwa lini?" Ikiwa wa zamani unakaribia kwisha na shilingi imeimarika, subiri unaofuata. Ikiwa shilingi inadhoofika na dukani bado kuna mzigo wa bei ya zamani, nunua huo. Tangu Machi 2025 bei zinapaswa kutajwa kwa shilingi, basi dai ankara ya shilingi yenye tarehe ya mwisho ya bei hiyo.

Msimu nao una nguvu yake. Uwindaji hufunguliwa Julai. Mei na Juni wanaojiandaa kwenda kwenye mapori ya akiba ya Rungwa au Lukwati-Piti wanatafuta raifo, risasi na fundi kwa wakati mmoja, na hakuna anayepunguza bei. Januari hadi Machi mambo hugeuka: mvua zimejaa, ada za shule zimelipwa, mbolea ya kukuzia imenunuliwa, na anayeuza raifo iliyotumika hupata simu chache. Hapo ndipo mazungumzo ya bei huwa ya kweli.

Daftari la wiki kumi

Fuatilia bei kwa wiki kumi. Andika modeli, kaliba, hali yake, bei iliyotajwa, bei iliyouzwa ukiweza kuijua, na kiwango cha dola siku hiyo. Linganisha kitu na mwenzake: Winchester Model 70 iliyotengenezwa kabla ya 1964 hutafutwa na wakusanyaji na bei yake haikuambii lolote kuhusu Model 70 ya kawaida.

Weka dari yako ya bei mapema, ukiandika gharama zote: raifo, darubini na vishikizo vyake, sefu, vifaa vya kusafishia, ada za serikali, na risasi 60 za mwaka wa kwanza (20 za kulenga, 20 za mazoezi, 20 za kazi). Idadi ya risasi unazoruhusiwa ina ukomo, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga. Kwenye kaliba nzito risasi hizo 60 peke yake zinaweza kumeza punguzo lote ulilolisubiri miezi mitatu.

Kaliba rahisi si raifo rahisi

Raifo inayoshuka bei haraka kuliko zote ni ile ambayo risasi zake hazipo. .300 WSM, .325 WSM na nyingine za familia hiyo ya Winchester hupiga vizuri sana, lakini hapa kwetu duka linaweza kukaa mwaka mzima bila sanduku moja. .404 Jeffery, zilizotumiwa na idara za wanyamapori enzi za mkoloni, ni silaha za heshima zenye shida hiyohiyo. Kabla ya kulipa, pigia maduka matatu na uliza lini mara ya mwisho waliuza risasi hizo, si kama "huwa zinapatikana".

Kwa swala, ngiri na wanyama wa kadiri, .30-06 ya mwaka 1906 bado inatosha, na .308 pia. Kwa nyati, simba na tembo kaliba ya chini inayokubalika Tanzania ni .375. Kwa mtu atakayemiliki raifo moja tu, .375 H&H ndiyo ningependekeza, japo bei yake haishuki sana. Imekuwapo tangu 1912, risasi zake zinaendelea kutengenezwa na kampuni nyingi, na ukija kuiuza utapata mnunuzi.

Kukagua iliyotumika

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Njoo na tochi ndogo, kioo cha kukuzia, fimbo ya kusafishia, vitambaa, dawa ya kuyeyusha shaba, na risasi bandia nne. Mwache muuzaji afungue boliti na kuonyesha kuwa hakuna risasi, kisha ingiza kidole kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) uhakikishe mwenyewe.

Linganisha namba ya silaha na karatasi, na namba ya boliti na ya mwili wa raifo kama ipo. Ukiona dalili ya kusaga au kupiga namba upya, acha palepale. Boliti isiyo ya raifo hiyo ni hatari hata kama inafunga vizuri, kwa sababu nafasi kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi huenda si sahihi.

Safisha mtutu kabla ya kuuhukumu. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijani au buluu, hiyo ni shaba ya risasi, inatoka kwa dawa. Kikitoka na rangi ya chungwa au kahawia, ni kutu. Shaba hufunika vishimo vya kutu, na muuzaji mjanja anajua hilo, ndiyo maana mtutu mchafu hauna bei mpaka usafishwe. Toa boliti, elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga na tazama kutokea kwenye chemba. Mistari ya ndani iwe na kingo kali. Kivuli cha duara katikati ni dalili ya uvimbe, na mtutu wenye uvimbe haununuliwi. Pitisha pamba kwenye ukingo wa mdomo: nyuzi zikinasa, ukingo umeumia na risasi zitatawanyika. Fundi mwenye mashine anaweza kuukata upya, kwa hiyo hilo ni la kupunguza bei, si la kukataa.

Kutu ni adui mkubwa wa nyanda za juu. Ukungu wa Mufindi na mvua za Tukuyu huingia kwenye mkoba wa ngozi na kukaa humo, na raifo iliyohifadhiwa ndani ya mkoba huo msimu mzima huoza upande usioonekana. Fungua skrubu, toa mwili kwenye mbao, tazama chini.

Ukiwa hapo tazama mbao yenyewe. Kaliba nzito hupasua mbao nyuma ya chuma, na kati ya magazini na traiga (kifyatulio). Pangusa kwa spirit kisha subiri: mbao nzima hukauka sawasawa, ufa hubaki na mstari wa unyevu. CZ 550 (raifo za Kicheki) za kaliba nzito zinajulikana kwa jambo hili. Ufa mdogo hutengenezwa kwa gundi ya epoksi na kupitishiwa boliti za kukaza mbao, basi ondoa gharama ya kazi hiyo kwenye bei. Pitisha noti kati ya mtutu na mbao. Kwenye raifo nyingi inapaswa kuteleza bila kukwama, lakini baadhi ya BRNO na CZ nzito zina skrubu inayoshika mtutu kwenye mbao, na hapo si kosa.

Traiga ipimwe raifo ikiwa tupu. Koki, weka sefti (kizuizi cha kufyatua), vuta traiga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti ukisikiliza pini inayopiga risasi. Pini isianguke. Funga boliti kwa kishindo mara tano. Pini isianguke. Remington 700 zenye traiga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 ziliitwa zirekebishwe, kwa hiyo dai uthibitisho kwamba kazi hiyo ilifanyika. CZ 600, iliyotoka 2021, nayo iliitwa 2022. Raifo yenye historia hiyo si mbaya ikiwa imerekebishwa. Isiporekebishwa, usiipige.

Pitisha risasi bandia nne, polepole na kisha haraka. Zote ziingie na zitoke. Mwisho fundi apime chemba kwa geji, vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi: boliti ifunge kwenye geji ya kukubali, ikatae kwenye ya kukataa. Ikifunga kwenye zote mbili, rudisha.

Darubini kuukuu usiihesabu kwenye bei mpaka uone imeshika shabaha. Kwa .375 jicho likae angalau sentimita 9 kutoka kwenye kioo, la sivyo utapasuliwa nyusi.

Ukifika wakati wa kulipa

Usisubiri tena ikiwa mambo manne yapo: kibali kimetoka, risasi za kaliba hiyo zipo dukani, ukaguzi umepita, na bei iko chini ya dari yako. Bei inaweza kushuka asilimia tano zaidi mwezi ujao. Raifo nzima iliyokaguliwa haikusubiri, na ukikosa msimu utakuwa umelipia mwaka mzima wa kutotumia kwa ajili ya asilimia tano hiyo. Kinyume chake, ikikosekana moja kati ya nne, hata punguzo la theluthi lisikuvute.

Ikiwezekana, kabla ya kukamilisha malipo ijaribuni raifo kwa kuipiga, wewe na mwenye nayo, mahali panaporuhusiwa. Risasi tatu, mita 100, mtutu ukiwa wa baridi. Kwa .375 mashimo matatu ndani ya sentimita 5 yanatosha kabisa. Yakitembea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata joto, huenda mbao inaugusa. Okota maganda na uyatazame juani: mstari unaong'aa kuzunguka ganda, milimita chache juu ya kitako, unaonyesha ganda linanyooka na linakaribia kukatika. Kwa maganda ya namna hiyo, acha kupiga, irudishie raifo kwa mwenyewe, na pesa yako ibaki mfukoni.