Acheni Kupimia Dawa ya Miembe kwa Kifuniko

Miembe ikianza kutoa maua huku Pwani, kuanzia mwezi Juni, swali linalonifikia ni lile lile: "Bwana shamba, niweke vifuniko vingapi?" Jibu langu ni moja kwa wote. Hakuna vifuniko. Someni lebo ya dawa yoyote iliyosajiliwa, hamtakuta neno kifuniko. Mtakuta mililita au gramu, na pembeni yake kiasi cha maji ya kuchanganyia.

Kama mnabisha, chukueni vifuniko vitatu: cha chupa ya maji ya kunywa, cha dawa ya nusu lita na cha dawa ya lita moja. Vijazeni maji, kisha mvute maji hayo kwa bomba la sindano, msome. Kimoja kinaweza kubeba mililita 5, kingine 15, kingine kikapita 20. Halafu mtu anamwambia jirani yake, "Mimi niliweka kimoja tu," na jirani naye anaenda kuweka kimoja, cha kwake.

Kosa hili huwa kubwa zaidi kwenye miti ya uani kuliko kwenye mashamba makubwa, na chanzo ni bomba la kupulizia. Maelekezo mengi hutolewa kwa lita 20 za maji. Mwenye miembe miwili na mlimao mmoja nyumbani mara nyingi hana bomba la lita 20. Ana la mgongoni la lita 16, au kale kadogo ka mkononi ka lita 2. Tuseme lebo inataka mililita 10 kwa lita 20. Hiyo ni nusu mililita kwa kila lita moja. Bomba la lita 16 linahitaji mililita 8. La lita 5 linahitaji mililita 2 na nusu. La lita 2 linahitaji mililita 1, basi. Mtu akimimina kifuniko cha mililita 10 kwenye lita 2, amepulizia dawa kali mara kumi kuliko ilivyoandikwa, juu ya maembe ambayo watoto wake watayachuma mabichi wayale kwa chumvi na pilipili. Mara kumi! Na dawa ya kikohozi ya watoto hao hao anaipimia kijiko chake maalumu, tone likizidi anashtuka.

Najua utetezi wenu: "Nimeongeza kidogo ili iue vizuri." Haiui vizuri. Maua na majani machanga yanaungua ncha, maua yanapukutika, na mwaka huo unanunua maembe sokoni wakati una mwembe nyumbani. Dawa ya wadudu iliyozidishwa inafagia pia wale wanaokufanyia kazi bure: nyuki wanaochavusha maua, na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota kwa majani. Maji moto wanauma, sikatai, lakini wanawinda wadudu waharibifu mchana kutwa. Walinzi wakishakufa, wadudu waharibifu hustawi, nawe unarudi dukani kununua dawa ya pili. Kupunguza kipimo nako hakufai. Dawa hafifu inaua wadudu wanyonge na kuwaacha wenye usugu waendelee kuzaana.

Nunueni bomba la sindano la mililita 5 na jingine la mililita 10 kwenye duka la dawa za binadamu, bila ncha ya sindano. Yatiwe alama ya rangi nyekundu na yasitumike kwa kitu kingine chochote. Kwa dawa ya unga, tumieni mizani ndogo. Lebo ikisema gramu 50 kwa lita 20, hiyo ni gramu 2.5 kwa lita, yaani gramu 40 kwa bomba la lita 16. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa na kilichorundikwa havilingani, na unga wa dawa mbili tofauti hautoi uzito sawa hata ukijaa kijiko kile kile. Kupimia kwa kisanduku cha kiberiti ndiyo msiniambie kabisa. Asiye na mizani atafute pakiti ndogo iliyofungashwa kiwandani inayotosha bomba moja.

Kabla ya kugusa dawa, jua mti wako unahitaji mchanganyiko kiasi gani. Weka maji matupu uliyoyapima kwenye bomba, pulizia mpaka majani yalowe bila kuchuruzika, kisha pima yaliyobaki. Mwembe uliopogolewa ukitumia lita 6, siku ya dawa changanya lita 6, na kwa mfano wetu wa juu hizo ni mililita 3. Mchanganyiko hautunzwi hadi kesho wala haumwagwi chooni au mtaroni, kwa hiyo namna ya kutobakiza ni kupima mapema. Ule mwembe mkubwa wa dodo ulioachwa na babu, unaopita paa la nyumba, usiupulizie ukiwa chini. Dawa itakurudia usoni. Upogoe baada ya mavuno.

Saa ya hatari kubwa ni ya kupima, maana hapo dawa bado haijachanganywa na maji. Glavu za mpira zivaliwe kabla ya kufungua kopo, siyo baada ya kujaza bomba kama mnavyofanya wengi. Tia maji hadi nusu ya kiasi unachotaka, weka dawa, koroga, kisha jaza mpaka kwenye alama. Dawa ya unga ikorogwe kwanza na maji kidogo kwenye ndoo ya kazi hiyo. Kopo likiisha, lisuuze mara tatu na maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba yakiwa sehemu ya kipimo cha maji. Kisha litoboe.

Dawa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga kwenye maua na majani, hupulizwa vikonyo vya maua vinapochomoza, kabla maua hayajafunguka, na hurudiwa kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Dawa ya wadudu isipigwe maua yakiwa wazi. Anza jioni, nyuki wakisharudi na upepo ukitulia. Saa 7 mchana hapana; salfa, ambayo ni dawa ya ubwiri unga, kwenye jua kali huunguza majani. Salfa na dawa za mafuta zipishane angalau wiki 2.

Halafu siku za kusubiri. Lebo ikisema siku 14 na umepulizia tarehe 3 Desemba, hakuna kuchuma kabla ya tarehe 17, hata embe bichi la kachumbari. Siku hizo zimewekwa kwa kipimo sahihi. Aliyezidisha mara kumi hazimlindi. Funga kitambaa chekundu kwenye shina na uwaambie watoto, wa kwako na wa jirani. Papai huiva mfululizo, hivyo chuma kwanza yaliyokomaa ndipo upulizie.

Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji au ya soda msinunue, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Haina lebo, maana yake haina kipimo wala siku za kusubiri, na mtoto anaweza kuinywa. Tafuteni iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kwa nyumbani chagueni yenye utepe wa kijani au bluu kwenye lebo, rangi za sumu hafifu zaidi. Nyekundu na njano waachieni waliopata mafunzo.

Ukipima sawa, utaona vijitunda vinashika na majani mapya yakiwa safi.

Dawa ikikumwagikia, vua nguo na uoge kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyemeza asitapishwe wala asipewe maziwa. Akimbizwe kituo cha afya pamoja na kopo lenye lebo, kwa sababu daktari atauliza ni dawa gani na alimeza kiasi gani.